Kufunga na kuomba si kuacha dawa

HUSEMWA mijini kwamba vijana wa siku hizi wameipa dini kisogo. Takwimu hazisemi hivyo. Katika sensa ya 2019, Wakenya 755,750 ndio waliosema hawana dini, yaani chini ya wawili katika kila mia. Kilichobadilika ni namna ya kuabudu. Kijana aliyebatizwa Mwanglikana leo husali Jumapili katika kanisa jingine, Ijumaa hukesha katika ukumbi wa kukodi, na mafundisho ya kufunga huyapata kwenye simu, kwa mhubiri asiyewahi kuonana naye.

Hapo ndipo sisi madaktari tunapoingia. Anayejifungia peke yake aghalabu huichukua amri ya kufunga na kuiacha ruhusa ya kutofunga, ilhali dini kongwe ziliweka zote mbili. Katika Uislamu, mgonjwa na msafiri huruhusiwa kula mchana wa Ramadhani, na anayefunga hufuturu kila jioni. Sheria ya Kanisa Katoliki huwataka wafunge watu wa miaka 18 hadi 59, na hata hao hula mlo mmoja kamili kwa siku.

Kwa mtu mzima mwenye afya, siku moja bila chakula haina dhara kubwa. Ini lina akiba ya sukari ya takriban siku moja, kisha mwili hugeukia mafuta na misuli. Maji ni jambo jingine. Bila maji, hasa katika joto la Mombasa, kichwa huuma, mkojo huwa wa rangi ya chai ya mkandaa, na figo huanza kuumia. Ukiambiwa ufunge siku tatu bila hata tone la maji, kataa.

Walio hatarini zaidi ni wenye maradhi ya kudumu. Kijana mwenye kisukari anayetumia insulini hujiambia: maadamu sili, sindano ya nini? Hapo anakosea. Ini huendelea kumwaga sukari katika damu hata tumbo likiwa tupu, na insulini ikikosekana damu hujaa asidi. Atashikwa na kiu, atakojoa mara kwa mara, atatapika, kisha atapumua kama aliyekimbia mbio. Nimewahi kuletewa mmoja ambaye wenzake walimwombea usiku kucha wakidhani anapambana na pepo. Alipona, ila kwa tundu la sindano.

Mwenye kifafa naye ajue kwamba kukosa usingizi pekee kwaweza kumwangusha, sembuse kukesha huku ameacha vidonge. Kwa wanaotumia dawa za kupunguza makali ya Ukimwi, nyingi humezwa mara moja tu kwa siku, na saa ya kumeza yaweza kupangwa iwe ya usiku. Zungumza na daktari wako kabla ya mfungo kuanza. Hatakukataza kuomba.

Mzazi, usimkejeli mwanao anayefunga, maana atakuficha. Muulize: unakunywa maji? Dawa unameza saa ngapi? Nani alikufundisha? Mwaka wa 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, na uchunguzi ulionyesha kuwa wengi walikufa njaa. Miongoni mwao walikuwamo watoto, ambao hawakuwa na wa kuwauliza maswali hayo.

Na ukimpata mtu aliyekaa siku tano au zaidi bila kula, usimwandalie ugali na nyama kwa huruma. Chakula kingi cha ghafla huvuta potasiamu na fosfati kutoka kwenye damu, na moyo waweza kusimama. Mpeleke hospitali, akalishwe kidogo kidogo huku damu yake ikipimwa. Aliyefunga siku moja au mbili aanze na maji na uji mwepesi.