Nyimbo za Mwaka kwa Masikio ya Watu wa Stesheni
(Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulizungumzia kura za wasikilizaji: jinsi ujumbe mfupi unavyomiminika kila Desemba kutoka Malaba, Busia na Tororo, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda, na jinsi msanii mwenye jamaa wengi na salio la kutosha anavyoweza kuongoza hesabu ilhali wimbo wake haujulikani ng'ambo ya mpaka. Leo tunageukia orodha ya pili, ile inayotolewa na watu wa stesheni wenyewe mwaka unapoisha: mtangazaji wa alfajiri, msomaji wa habari, fundi mitambo, dijei wa Ijumaa usiku, hata mhasibu. Kila mmoja anataja nyimbo zilizomkuna na kueleza kwa nini.

Desturi hii ina wazee wake. Mtangazaji wa BBC, John Peel, alianza mwaka 1976 kuwaomba wasikilizaji wampigie kura nyimbo 50 za kufungia mwaka. Mwaka 1977 akaziweka kura kando, akapanga orodha yake mwenyewe, na kwa kuwa mkono wake haukukubali kukata, nyimbo zikafika 61. Baada ya hapo akarudi kwa wasikilizaji. Kwangu mimi, ule mwaka mmoja ndio wenye kutufaa zaidi. Unamwonyesha mtu wa redio akisema wazi anachokipenda, bila kujificha nyuma ya wingi wa watu, na bila kuogopa kwamba hesabu yake ilipita hamsini.

Sasa tuje nyumbani. Rubongi iko wilayani Tororo, katika nchi ya Jopadhola, na anayewasha redio huko hachagui nchi, anachagua masafa. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka, hayapindi kuufuata mgongo wa dunia, na ndiyo maana mwinuko ni mali kwa mwenye kituo. Mwamba wa Tororo umesimama mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, na kutoka juu yake mtu anaona Kenya bila darubini. Wimbi nalo linaiona vivyo hivyo. Halipangi foleni kwenye kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa Busia Februari 2018. Rock Mambo ya Tororo husikika Kenya, na Emuria FM, inayotangaza kwa Kiteso upande wa Kenya, husikika Uganda. Wateso wa pande mbili hawakuomba kutenganishwa. Mwaka 1902 Waingereza waliukata mkoa wa mashariki wa Uganda wakautia katika himaya ya jirani, na mwaka 1926 mpaka ukapata sura yake ya sasa. Wasamia nao waligawanywa hivyo hivyo.

Basi chumba cha watangazaji cha kituo cha eneo hili kina lugha nyingi kuliko viti. Hapo ndipo ugumu wa orodha ya mwaka unapoanza, na nitauonyesha kwa hesabu ya kubuni.

Chukua kituo chenye wafanyakazi wanane: Jopadhola wawili, Wateso wawili, Wasamia wawili, Mnyole mmoja na Mganda mmoja. Mwaka ni 2024. Kila mmoja anataja nyimbo tano; wa kwanza unapata alama 5, wa tano alama 1. Kila mmoja, kama binadamu yeyote, anaanza na wimbo wa lugha aliyonyonyeshwa nayo. Wa pili vilevile. Katika nafasi ya tatu wote wanane wanaandika "Komasava" ya Diamond Platnumz, kwa sababu mwaka ule hapakuwa na harusi wala matatu isiyoupiga. Jumlisha. "Komasava" ina alama 24. Wimbo wa Dhopadhola uliowatoa machozi watangazaji wawili una alama 10. Wimbo wa mwaka wa kituo cha mpakani, kwa hiyo, ni ule ambao hakuna hata mmoja wao aliyeupenda kuliko zote.

Sina ugomvi na Diamond; wimbo ni mzuri na miguu inajua. Lakini orodha hiyo ikisomwa hewani usiku wa mwaka mpya, msikilizaji wa Rubongi atasikia kitu kile kile kinachosomwa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Hesabu ya kujumlisha huzipa ushindi nyimbo zinazojulikana na wote kidogo, na huzizika zile zinazopendwa na wachache mno. Tena, kazi ya kuhesabu kinachosikilizwa zaidi kuna wanaoifanya vizuri kuliko sisi. Spotify ilifungua milango Kenya, Uganda na Tanzania Februari 2021, na kila mwisho wa mwaka mashine yake humpa kila mteja hesabu ya mwaka wake. Kituo kidogo hakiwezi kushindana na mashine hiyo kwa kuhesabu, na sioni sababu ya kujaribu.

Ndiyo maana pendekezo langu ni hili: orodha zisijumlishwe. Kila mfanyakazi apewe robo saa yake, ataje nyimbo zake, azipige, ajitetee. Fundi mitambo asiwekwe nyuma ya mtangazaji maarufu.

Namtaja fundi kwa makusudi. Mtangazaji husikiliza wimbo akiwa na akili nusu, maana nusu nyingine inatafuta la kusema baadaye. Fundi ndiye anayeusikia mpaka mwisho. Yeye ndiye anayejua ni nyimbo zipi zilirekodiwa kwenye chumba chenye mwangwi, zipi zimekandamizwa sauti mpaka ngoma zinasikika kama kadibodi, na zipi, hata zikija kwenye flashi iliyochakaa, zinajaza chumba. Na msomaji wa habari wa zamu ya usiku ana ushahidi wake: anajua wimbo upi huleta simu saa nane za usiku, kutoka kwa mlinzi, muuguzi, au dereva wa lori aliyekwama kwenye msururu wa Malaba.

Kisha kuna watangazaji ambao mshahara hauwatoshi, nao ni wengi, wanaoongeza kipato kwa kuongoza harusi na mazishi. Wakuu wa utawala upande wa Kenya wamepiga marufuku disko matanga mara nyingi, na sababu zao nazijua: watoto wa shule usiku, pombe, mimba. Siwezi kuwapinga. Lakini aliyewahi kusimama nyuma ya mashine kwenye mkesha wa msiba ameona jambo ambalo takwimu za simu hazilioni, yaani ni wimbo gani uliomwinua bibi mwenye fimbo. Kama mtu huyo ni mfanyakazi wa kituo, ushahidi wake una uzito, na mwisho wa mwaka aulizwe.

Hapa kuna swali ambalo wahariri wa vipindi hulikwepa: mwaka ni nini? Kanuni ya kawaida husema wimbo uwe umetoka kati ya Januari na Desemba. Hata Peel hakuanza hivyo. Kura zake za mwanzo zilikuwa za nyimbo za miaka yote, na ni kuanzia 1982 tu zilipofungwa ndani ya mwaka mmoja. Kwetu kanuni hiyo inabana zaidi, kwa sababu wimbo huja mpakani kwa mwendo wake. Daudi Kabaka alizaliwa mwaka 1939 Kyambogo, Kampala, akajijengea jina Nairobi. Wimbo wake "Helule Helule" ulikuwa umeshachezwa huku kabla kundi la Waingereza, The Tremeloes, halijaurekodi upya na kuuingiza katika chati za Uingereza mwaka 1968. Dijei wa London aliyeutaja miongoni mwa nyimbo mpya za 1968 hakusema uongo, ila upya wake ulikuwa wa London. Vivyo hivyo, mtangazaji kijana wa Tororo anayekutana leo kwa mara ya kwanza na gitaa la George Mukabi, aliyeuawa mwaka 1963, na ile chupa ya soda inayokwaruzwa badala ya kayamba, ana haki ya kusema huo ndio muziki wake wa mwaka. Mukabi hajatoa kitu kipya. Masikio ndiyo mapya.

Na kalenda yenyewe huku haiendi sawa kila mwaka. Wagisu, majirani wa kaskazini kuelekea Mbale, hutahiri vijana katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na imbalu, yaani tohara hiyo, hufunguliwa Agosti kwenye uwanja wa Mutoto. Wabukusu wa Bungoma nao wana Agosti yao, mwaka ule ule. Ngoma ya kadodi ya msimu huo, ambayo siku hizi hukodiwa hata na wanasiasa kwenye kampeni, hutawala barabara za Mbale kwa majuma. Kwa hiyo muziki wa 2024 na muziki wa 2025 katika eneo hili haulinganishiki. Mmoja una tohara ndani yake, mwingine hauna. Sijaona orodha ya magazeti ya mijini inayolijali hilo, na sishangai, maana kadodi haina tarehe ya kutolewa, haina jalada, na mpigaji wake hana akaunti ya kuhesabiwa mara ngapi amesikilizwa.

Ya Jopadhola ni hivyo hivyo. Fumbo, ngoma yao ndefu, na tongoli, ala yao ya nyuzi, hupigwa kwenye matanga na sherehe, na utungo unaozaliwa usiku mmoja unaweza kuwa bora kuliko chochote kilichorekodiwa Kampala mwaka huo. Halafu unapotea. Kwa Wateso mpigaji wa utungo kama huo anaweza kuwa na akogo, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, mikononi. Mfanyakazi wa redio ambaye alikuwepo, na ambaye mfukoni ana simu inayorekodi, anaweza kuuweka wimbo huo namba moja, mradi aombe ruhusa ya mpigaji na wenye shughuli, na aandike jina la mtunzi. Wengine watasema ubora wa sauti haufai kurushwa hewani. Enzi za Sauti ya Kenya na Radio Uganda, tulisikiliza kwa mitabendi yenye kelele za mvua na radi, na hakuna aliyezima.

Lugha zinachekesha hapa. Mtu wa Rubongi akimsikia Prince Indah akiimba kwa Kijaluo, anafuata sehemu kubwa ya maneno, kwa kuwa Dhopadhola na Kijaluo ni ndugu. Hivyo katika kituo cha huku msanii wa Kisumu anaweza kuhesabiwa wa nyumbani, na msanii wa Kampala, mji mkuu wa nchi yao, akahesabiwa mgeni. Atakayepanga makundi ya "muziki wa ndani" na "muziki wa nje" kwa kufuata bendera atachekwa kwenye chai.

Serikali zilijaribu kupanga makundi hayo. Mwaka 1980 Sauti ya Kenya iliagizwa kwamba asilimia 75 ya muziki unaorushwa uwe wa Kenya. Lilikuwa wazo la heshima, na wanamuziki walilidai kwa haki. Amri haikudumu, iliondolewa upesi. Naikumbusha hapa kwa sababu kila baada ya miaka michache hoja hurudi kwa sura nyingine, na wanaoirudisha hudhani sikio hutii waraka. Asilimia inaweza kumpa msanii dakika hewani. Haiwezi kumfanya mtangazaji autetee wimbo wake Desemba.

Nimeacha jambo chafu mpaka hapa. Kila anayefahamu redio za FM, tangu Capital na Sanyu zilipofungua zama za vituo binafsi Kampala mwaka 1993, anajua kuna bahasha zinazoingia studio pamoja na nyimbo. Msomaji ataniuliza: ukimpa kila mfanyakazi orodha yake, si umemfungulia duka? Huenda. Lakini fikiri bahasha inanunua nini. Inanunua kupigwa wimbo mara sita kwa siku bila maelezo. Orodha ninayoitaka inamlazimu mtu, kwa jina lake na mbele ya wenzake, aseme ni kipi hasa kilichompendeza: ubeti upi, gitaa lipi, siku gani aliusikia. Aliyehongwa ataanza kusifu "mapigo makali" na "ujumbe mzito", na wenzake watakohoa. Ulinzi huo si kamili, lakini ni mkali kuliko fomu za maadili zinazotiwa saini na kusahauliwa kabatini.

Litakalobaki baada ya usiku wa orodha hizo ni karatasi. Iwe na jina la mfanyakazi na kazi yake, jina la wimbo, mtunzi na mwimbaji (mara nyingi si mtu mmoja), lugha, mahali wimbo uliposikika mara ya kwanza, na kama ulitoka kwenye diski, simu, au matangani. Nakala moja ibaki kituoni na nyingine iwekwe nje ya kituo, kwa maana kompyuta za studio hufa, na faili zote hufa nazo.

Karatasi hiyo hiyo ndiyo inayoweza kumfikishia mtunzi malipo, au kumnyima. Juma lijalo tutafuata safari ya shilingi hiyo kupitia chama cha haki za watunzi cha Uganda, UPRS, kilichoanzishwa mwaka 1985, na MCSK ya Kenya iliyotangulia mwaka 1983, na tutauliza nani humlipa mpiga tongoli wa Rubongi wimbo wake unaporushwa Busia.