Mmea Ukilegea, Funga Bomba Kwanza

Januari, saa saba mchana, jua la Arusha limeamua kutuonyesha kwamba vuli imekwisha. Mama mmoja wa Lemara ameniita nimtazamie bustani. Nilimkuta kashika mpira wa maji, anamwagilia minyanya ambayo majani yake yananing'inia kama nguo mbichi kwenye kamba.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, bwana shamba. Hebu ona. Zinakufa kwa kiu, na mimi nazinywesha asubuhi na jioni!”

Nilimwomba afunge bomba, anipe kijiko cha zamani cha jikoni. Nikachimba kando ya shina la kwanza, kina cha kiganja kimoja. Udongo ulikuwa tope, una harufu ya yai viza. Nilipouvuta mzizi kwa vidole, ganda lake lilivuka likabaki mkononi mwangu, na ndani ukabaki uzi mwembamba kama wa kushonea. Minyanya ile ilikuwa imezama, tena kwa siku nyingi.

Hili ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko magonjwa yote. Mzizi unavuta pumzi. Vitundu vya udongo vikijaa maji, hewa inakosa pa kukaa, na mzizi usiopata hewa hauwezi kunyonya hata maji uliyomo ndani yake. Juu, jani linalegea vilevile kama la mmea wenye kiu. Mwenye bustani anaona kiu, anaongeza maji, na anaumaliza mmea kwa huruma yake.

Kwa hiyo kabla ya kutibu, tazama saa. Mmea uliolegea saa saba mchana na kusimama tena magharibi hauna neno, unajikinga na jua tu. Uliolegea saa moja asubuhi ndio wa kushughulikia. Halafu ingiza kidole kwenye udongo mpaka kifundo cha pili. Pakiwa pakavu, mwagilia polepole, maji yazame. Pakiwa pabichi, weka ndoo chini.

Mnyanya uliozama unaokolewa kwa kupunguziwa kazi. Nyofoa maua na matunda machanga, hata kama roho inauma. Ondoa majani ya chini. Chokoa udongo kwa uma pembeni, usipindue, kisha chimba kamfereji maji yapate pa kutokea. Mchana ukinge kwa jani la mgomba siku tatu, nne. Mbolea usiutie hata chembe, wala hiyo busta ya dukani: chumvi ya mbolea kwenye mizizi yenye vidonda huvuta maji kutoka ndani ya mmea badala ya kuyaingiza. Ukiona kijani kipya kileleni, hapo ndipo mizizi imeanza kurudi, na maji ya samadi yaliyozimuliwa mpaka yawe na rangi ya chai nyepesi yanatosha. Mnyanya una bahati moja: shina lake hutoa mizizi mipya likifunikwa, basi pandishia udongo uliochanganywa na mboji. Na kama mizizi imekwisha kabisa lakini kilele ni kizima, kikate, kichomeke kwenye udongo laini kivulini. Siku kumi hivi, una mche mpya.

Wakati tunachimba, niliona kitu kingine. Ukingoni mwa tuta palikuwa na ukoko mweupe, kama chumvi iliyomwagika. Nikauliza maji yanatoka wapi. Kisimani.

Wenyeji wa huku tunajuana kwa meno. Rangi ya kahawia kwenye meno ya watu wengi waliokulia Arusha na Meru inatokana na floridi iliyomo kwenye maji yanayopita katika miamba ya volkano. Mlima Meru ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910, lakini miamba yake haijaacha kuyeyukia majini. Kinachosemwa kidogo ni kwamba maji yenye floridi nyingi mara nyingi yana magadi pia. Kwenye bustani, sodiamu ya magadi huzitawanya chembe za udongo wa mfinyanzi mpaka zinaziba vitundu. Udongo unakuwa tope ukilowa na tofali ukikauka, na bustani inazama hata kwa maji ya kiasi. Tena udongo ukishakuwa na magadi, madini ya chuma hayapatikani kwa mmea ingawa yamo. Utaona majani machanga ya juu yamekuwa njano huku mishipa yake imebaki kijani. (Yakianza kuwa njano majani ya zamani, ya chini, hiyo ni njaa ya naitrojeni, na samadi iliyooza vizuri itaitibu.)

Chukua kijiko cha udongo mkavu, mimina siki. Ukitoa povu na kuchemka, una chokaa au magadi ya kutosha, na mara nyingi kwenye viwanja vyetu kuna pia mabaki ya saruji yaliyofukiwa na mafundi.

Sasa nitasema jambo litakaloniletea ugomvi na mabibi. Majivu. Kila nyumba hapa inamwaga majivu ya jikoni kwenye mboga, kufukuza wadudu na kurutubisha. Kule juu mlimani, kwenye mvua nyingi, udongo huelekea uchachu na majivu yanaupoza. Hapa chini, kwenye bustani inayonyweshwa maji ya magadi, majivu ni magadi juu ya magadi. Acha. Weka mboji kwa wingi, kinga maji ya paa wakati wa masika, na ukipata jasi kwenye duka la pembejeo ichanganye na udongo, maana kalsiamu yake huisukuma sodiamu itoke. Kisha mwagilia kwa kushibisha mara chache, si kunyunyiza kila siku, ili chumvi ishuke chini ya mizizi.

Sukuma wiki ilikuwa imejaa vidukari. Hii haihitaji mjadala: ng'oa majani yaliyojikunja, wape kuku, nyunyiza chini ya yaliyobaki kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji, jioni, urudie baada ya siku tano. Sukuma wiki ni ngumu kuua.

Kantangaze ni kesi nyingine. Mdudu huyu wa nyanya alitoka Amerika ya Kusini, akatua Hispania mwaka 2006, na mwaka 2014 akawa ameshafika kwetu. Kiwavi wake anaishi katikati ya ngozi mbili za jani, kwa hiyo dawa inayokaa juu haimgusi. Ukiyawahi majani yenye mabaka yanayopenyeza mwanga, yakate, yafunge kwenye mfuko mweusi, uache juani. Ukimkuta ameshaingia kileleni na kwenye matunda, ung'oe mnyanya wote.

Kuna magonjwa mengine yasiyo na wodi. Minyanya miwili ya mwisho ilikuwa imenyauka ikiwa kijani, bila njano, na mizizi yake ilionekana mizima. Nilikata shina moja karibu na ardhi, nikaliweka kwenye glasi ya maji safi. Baada ya dakika chache uzi mweupe kama maziwa ulianza kushuka. Huo ni mnyauko bakteria. Hauna dawa, na vijidudu vyake hubaki ardhini kwa miaka. Kituo cha Dunia cha Mboga, chenye ofisi yake Duluti, kimekuwa kikifundisha kuunganisha mche wa nyanya juu ya shina la bilinganya linalostahimili. Ni kazi nzuri, lakini inataka mkono mwepesi na kivuli chenye unyevu. Nyumbani, kung'oa ndiyo tiba.

Mama alisikitika kidogo, kisha akasema pale atapanda mnavu. Nikamkatalia. Mnavu, bilinganya, pilipili, nyanya chungu na viazi mviringo ni ukoo mmoja na nyanya, watarithi ugonjwa uleule.

Nilipita tena baada ya wiki tatu. Minyanya tisa imesimama, mitatu imekufa, na mahali pa ile miwili pameota vitunguu. Ndoo ya majivu haikuwepo mlangoni. Nilidhani ameyatupa, kumbe kila Jumapili anampelekea dada yake Ng'iresi, kwenye migomba.