Fazıl Say na sauti za Anatolia: Namna mtunzi wa Uturuki anavyozikutanisha saz, nai na kanuni na okestra

Mpiga piano anaketi mbele ya ala yake, lakini mkono wake wa kushoto hauendi kwenye vibonyezo. Unaingia ndani ya sanduku la piano na kukandamiza nyuzi, huku mkono wa kulia ukibonyeza kama kawaida. Sauti inayotoka si ile ya piano iliyozoeleka. Ni sauti kavu na fupi, inayofanana na ya saz, ala ya nyuzi yenye shingo ndefu ambayo washairi waimbaji wa vijijini nchini Uturuki wameitumia kwa karne nyingi.

Hivyo ndivyo unavyoanza utunzi uitwao Kara Toprak, yaani Ardhi Nyeusi, ulioandikwa mwaka 1997 na Fazıl Say, mmoja wa watunzi wa Uturuki wanaojulikana zaidi duniani katika zama hizi. Utunzi huo hauchukui hata dakika kumi, lakini umebeba swali ambalo mtunzi huyo ameendelea kulijibu katika kazi zake zote: je, sauti za nyumbani zinaweza kuingia katika kumbi kubwa za muziki duniani bila kugeuzwa kuwa mapambo tu?

Historia ya swali lenyewe

Swali hilo halikuanza na Say. Baada ya kuundwa kwa Jamhuri ya Uturuki mwaka 1923, serikali mpya ilikusudia kujenga muziki wa taifa kwa kuunganisha nyimbo za wananchi wa vijijini na mbinu za uandishi wa muziki za Ulaya. Mwaka 1936, mtunzi Béla Bartók wa Hungaria alizuru Anatolia na, akishirikiana na mtunzi wa Kituruki Adnan Saygun, alirekodi nyimbo za wanavijiji. Mwaka huohuo, Chuo cha Muziki cha Taifa kilianzishwa mjini Ankara.

Hata hivyo, sera hiyo ilikuwa na upande wake mgumu. Mwishoni mwa mwaka 1934, muziki wa jadi wa mijini uliorithiwa kutoka dola ya Osmania ulipigwa marufuku redioni, na marufuku hiyo ilidumu kwa zaidi ya mwaka mmoja. Nai na kanuni, ala zilizokuwa moyo wa muziki huo, zilihesabiwa kuwa za zamani zilizopitwa na wakati. Miongo saba baadaye ala hizohizo ziliketi mbele ya okestra nchini Ujerumani, katika kazi ya mtu aliyesomea chuo cha Ankara.

Malezi na mafunzo

Fazıl Say alizaliwa mjini Ankara tarehe 14 Januari 1970. Baba yake, Ahmet Say, alikuwa mwandishi na mtaalamu wa elimu ya muziki. Mwalimu wake wa kwanza wa piano alikuwa Mithat Fenmen, ambaye naye aliwahi kufundishwa mjini Paris na mpiga piano mashuhuri Alfred Cortot.

Fenmen hakumwanzishia mtoto huyo masomo kwa mazoezi ya vidole peke yake. Kila siku alimtaka kwanza abuni muziki papo hapo kuhusu mambo aliyoyaona au kuyapitia siku hiyo, kisha ndipo wageukie mazoezi. Tabia ya kuyageuza maisha ya kila siku kuwa sauti haijamtoka tangu wakati huo. Akiwa na umri wa miaka 17 alipata ufadhili wa kusoma mjini Düsseldorf, Ujerumani, chini ya mpiga piano David Levine. Baadaye alihamia Berlin, na katikati ya miaka ya 1990 ushindi katika mashindano ya wasanii vijana mjini New York ulimfungulia milango ya kumbi za kimataifa.

Kazi za piano peke yake

Ardhi Nyeusi ndiyo kazi yake ya piano inayopigwa zaidi. Msingi wake ni wimbo wa Âşık Veysel, mshairi mwimbaji wa mkoa wa Sivas aliyeishi kati ya mwaka 1894 na 1973, na ambaye alipoteza uwezo wa kuona tangu utotoni. Wimbo huo unazungumzia upweke wa binadamu ambaye, baada ya kuwapenda wengi, anatambua kuwa ardhi ndiyo rafiki pekee asiyemwacha.

Say haurudii wimbo huo neno kwa neno. Anaanza na sauti ya saz iliyotengenezwa kwa mkono ndani ya piano, kisha anaiachia piano ipande kwa nguvu zake zote, ikiwa na milio inayokumbusha muziki wa Ulaya wa karne ya 19 pamoja na jazi. Mwishoni mkono unarudi kwenye nyuzi, na msikilizaji anarejeshwa kijijini. Saz haikuletwa hapo kuipamba piano. Ndiyo inayofungua masimulizi na ndiyo inayoyafunga.

Upande mwingine wa kazi zake za piano unaonekana katika sonata aliyoiita Gezi Park 2, mojawapo ya tungo tatu alizoziandika kuhusu maandamano ya mwaka 2013 katika bustani ya Gezi mjini Istanbul. Sehemu zake nne zinapita katika usiku wa mitaani, ukimya ndani ya wingu la gesi, kifo cha kijana wa miaka 15, na hatimaye tumaini. Hakuna neno hata moja linaloimbwa. Piano ndiyo inayosimulia.

Kazi za ala chache

Sehemu ya pili ya kazi za Say ni muziki wa vikundi vidogo, ambapo kila mpigaji ana sehemu yake mwenyewe na hakuna mwongozaji mwenye kijiti. Aina hii hufanana na mazungumzo barazani, kwa kuwa kila sauti husikika na hakuna inayoweza kujificha nyuma ya nyingine.

Mfano ulio dhahiri ni utunzi wa mwaka 2010 kwa fidla mbili, viola na chelo, alioupa jina la Talaka. Ala nne zinazotarajiwa kupatana zinagombana, zinanyamaziana na kukatizana, kama nyumba inayovunjika. Mwaka 2012 alifuatisha sonata ya chelo na piano iitwayo Miji Minne, inayompeleka msikilizaji Sivas, nyumbani kwa Âşık Veysel. Hopa, katika pwani ya Bahari Nyeusi yenye ngoma za harusi za kasi. Ankara, mji wa utoto wake. Na Bodrum, mji wa mapumziko ambako usiku husikika jazi.

Katika ngoma ya Hopa, mpigo mmoja ni mrefu kuliko mingine, hivyo anayezoea kuhesabu mbili-mbili au tatu-tatu hujikuta amechelewa hatua. Midundo ya namna hiyo ni ya kawaida katika ngoma za Anatolia, na ni alama mojawapo ya kumtambulia Say hata pale ambapo hakuna ala ya Kituruki inayopigwa.

Kazi za okestra

Mwaka 2008, mpiga fidla Patricia Kopatchinskaja alipiga kwa mara ya kwanza, mjini Luzern nchini Uswisi, koncheto ya fidla ya Say iliyochota fikra zake katika hekaya ambazo wasomaji wa Kiswahili huzijua kwa jina la Alfu Lela Ulela. Koncheto ni utunzi ambao mpigaji mmoja hujibizana na okestra nzima. Katika kazi hiyo, fidla huchukua nafasi ya msimulizi, na ngoma za Kituruki huketi pamoja na okestra.

Hatua kubwa zaidi ilikuja tarehe 13 Machi 2010 mjini Dortmund, Ujerumani, ilipopigwa kwa mara ya kwanza Simfonia ya Istanbul. Kazi hiyo yenye sehemu saba ni ramani ya mji kwa njia ya sauti. Kuna msikiti wa Sultan Ahmed, kuna mabinti wanaopanda kivuko kwenda Visiwa vya Wanamfalme, na kuna abiria wanaoondoka stesheni ya Haydarpaşa kuelekea bara la Anatolia. Mbele ya okestra huketi wapigaji wa nai, kanuni na ngoma za Kituruki.

Kuziweka ala hizo pamoja na okestra si jambo jepesi. Okestra ya Ulaya hugawa oktavu katika hatua 12 zilizo sawa, ilhali mfumo wa makamu unaotumika Uturuki unahitaji sauti zilizo katikati ya hatua hizo. Kanuni, yenye nyuzi zaidi ya 70, ina vitenzo vidogo pembeni ambavyo mpigaji huvipandisha na kuvishusha ili kupata sauti hizo. Nai nayo ni ala ya mwanzi yenye pumzi nyembamba. Okestra kamili ikipiga kwa nguvu, haisikiki. Kwa sababu hiyo, kuzipa nafasi ala hizo humlazimu mtunzi kuipunguza okestra na kuifanya isubiri. Ala iliyokuwa nyonge ndiyo inayoamua wakati wa wengine kunyamaza.

Kwa wasikilizaji wa pwani ya Afrika Mashariki, ala hizi si ngeni. Kanuni, ambayo wengine huiita ganuni, na nai zimo katika taarabu ya Zanzibar, ambako kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905. Makamu zinazoongoza sauti za taarabu ni jamaa wa karibu wa zile za Istanbul, na kwa hiyo anayeijua taarabu ana sikio lililokwisha kuandaliwa kwa simfonia hiyo.

Mwaka 2012, Simfonia ya Mesopotamia ilipigwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la muziki la Istanbul. Kazi hiyo ya sehemu kumi inahusu nchi ya mito ya Tigri na Frati. Filimbi mbili za sauti nene zinasimama badala ya ndugu wawili wanaocheza katika uwanda huo, hadi risasi inapokatisha mchezo wao.

Mtunzi na dola

Kazi za Say haziwezi kutenganishwa na uhusiano wake na dola ya nchi yake, uhusiano ambao umepita katika hali nyingi. Mwaka 2001, Wizara ya Utamaduni ya Uturuki ilimwagiza atunge kazi kubwa ya kwaya na okestra kuhusu mshairi Nâzım Hikmet, ambaye alivuliwa uraia mwaka 1951, akafariki dunia mjini Moscow mwaka 1963, na alirudishiwa uraia huo mwaka 2009 tu. Kwa maneno mengine, serikali iligharimia muziki wa kumkumbuka mtu ambaye kisheria alikuwa bado si raia.

Mwaka 2013, Say mwenyewe alihukumiwa kifungo cha miezi kumi kilichoahirishwa, kwa maandishi ya mtandaoni yaliyoelezwa kuwa yalidhalilisha imani za dini. Aliachiwa huru na mahakama mwaka 2016. Januari 2019, Rais Recep Tayyip Erdoğan alihudhuria onesho lake mjini Ankara kwa mwaliko wa Say, baada ya Rais kumpigia simu ya rambirambi kufuatia kifo cha mama yake. Miezi michache baadaye, Agosti 2019, Say alipeleka piano katika Milima ya Kaz kupinga ukataji wa miti kwa ajili ya mgodi wa dhahabu, na baadaye akaandika sonata ya fidla na piano yenye jina la milima hiyo. Sehemu yake ya kati inaitwa Ndege Aliyejeruhiwa, na ya mwisho inahusu tumaini.

Mpangilio huo wa maumivu kufuatwa na tumaini unajirudia pia katika koncheto ya chelo iitwayo Usikate Tamaa, iliyopigwa kwa mara ya kwanza mjini Paris mwaka 2018 na Camille Thomas. Kazi hiyo ni jibu la mashambulizi ya kigaidi yaliyotokea Ulaya na Uturuki. Baada ya ngoma zinazoigiza milio ya risasi, sehemu ya mwisho huleta sauti za ndege na mawimbi.

Pa kuanzia kusikiliza

Kwa msikilizaji asiyezoea muziki wa aina hii, Ardhi Nyeusi ndiyo mlango ulio mwepesi zaidi kwa sababu ya ufupi wake na kwa kuwa chanzo chake ni wimbo wa kijijini. Miji Minne inaweza kufuata, kwa kusikiliza mji mmoja kwa wakati. Simfonia ya Istanbul, inayochukua takriban robo tatu ya saa, ifuate mwishoni, wakati sikio limeshazoea kuitambua kanuni inapoingia na okestra inapoipisha.