Ziwa letu lisitoke na milia!

Mshikaji wa Nyasho, unajiendea zako Makoko asubuhi, unapiga picha sita za Ziwa Victoria, kisha unaziunga kwenye kompyuta upate moja ndefu ya kumuuzia mwenye gesti. Kumbe! Anga lina milia kama punda wa Serengeti. Nani atatoa hela hapo?

Usimlaani aliyekuuzia kamera. Lenzi nyingi ndivyo zilivyo: mwanga unaofika pembeni ni mchache kuliko wa katikati, hasa ukifungua tundu lote. Picha moja peke yake inapita, tena wengine wanasema inapendeza. Ukiunga sita, kila kiungo kinakutanisha giza na giza, na anga la ziwani lisilo na wingu halifichi kitu.

Dawa? Bana tundu, toka f/2.8 nenda f/8. Vua filta nene, nayo hukata kona. Panga mwanga mwenyewe, usiiachie kamera ijiamulie, la sivyo kila picha itakuja na weupe wake. Halafu zilaliane theluthi moja hadi nusu, ili kingo zenye giza ziachwe.

Kama umeshapiga, usifute. Hugin, programu ya bure kabisa, hulinganisha sehemu zilizolaliana, ikakadiria giza la lenzi yako na kuliondoa. Ila kona za picha ya jioni ukiziangaza mno zinajaa chenga, na kwenye picha ya mita mbili chenga zinaonekana toka mlangoni.