Je, Wajua? Mlimani, Kiwanda cha Majaji Wakuu

Wewe uliyemaliza kidato cha sita na usiku unajiona umevaa joho la wakili, sogea hapa. Je, wajua kwamba Shule ya Sheria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina umri mkubwa kuliko Tanganyika huru? Ilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, siku 45 kamili kabla ya bendera ya Mwingereza kushushwa!

Wala usidhani ilianzia kule Mlimani, kampasi kuu ya chuo. Wanafunzi wa kwanza walisomea Mtaa wa Lumumba, ndani ya jengo la chama cha TANU, na hata 15 hawakufika. Kitivo kingine hakikuwepo: chuo kizima kilikuwa sheria tupu! Mlimani walihamia mwaka 1964.

Na Mkenya je? Na Mganda? Nao walikuja Dar. Kuanzia 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zilikuwa chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, zikagawana fani: udaktari Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar. Ndoa hiyo ilivunjika 1970, lakini matunda yake, ndugu yangu, subiri uyaone.

Chukua mwaka 2012. Jaji Mkuu wa Kenya alikuwa Willy Mutunga. Wa Uganda alikuwa Benjamin Odoki. Wa Tanzania alikuwa Mohamed Chande Othman. Wote watatu, kwa wakati mmoja, walikuwa zao la Mlimani! (Mutunga ndiye yule aliyewashtua wazee wa Nairobi kwa kuvaa kipuli sikioni. Kipuli hicho lakini hakikutoka kwetu.)

Hujashtuka bado? Basi vuka bara zima mpaka Gambia. Hassan Bubacar Jallow alitoka huko kwao, kwenye pwani ya Atlantiki, akaja kusoma sheria Dar es Salaam. Baadaye akarudi Tanzania kwa kazi nzito: kuanzia 2003 alikuwa mwendesha mashtaka mkuu wa mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyokuwa Arusha. Mwaka 2017 akawa Jaji Mkuu wa nchi yake. Hesabu mwenyewe, hao sasa ni wanne!

Ongeza Augustino Ramadhani, mhitimu wa 1970. Mtu huyu mmoja alikuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, akawa Jaji Mkuu wa Tanzania, akawa Rais wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Jeshini alikuwa brigedia jenerali, na uzeeni akapewa upadri wa Kanisa Anglikana. Ukipata mwingine wa namna hiyo, niite.

Profesa Ibrahim Juma yeye alikuwa akifundisha sheria Mlimani. Aliacha chaki, akawa jaji, na kuanzia 2017 hadi 2025 alikuwa Jaji Mkuu. Yaani wapo mawakili waliosahihishiwa mitihani na mtu yuleyule aliyewaapisha!

Dada, usinipite kimya, yako pia yapo. Julie Manning alisoma hapo, akawa jaji mwanamke wa kwanza Tanzania, na mwaka 1975 akawa Waziri wa Sheria. Asha-Rose Migiro alisoma na kufundisha hapo, kisha kuanzia 2007 hadi 2012 akawa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Tulia Ackson naye alisoma na kufundisha hapo: 2022 Spika wa Bunge, 2023 Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani.

Je, wajua kwamba wanafunzi wa chuo hiki waliwahi kumkasirisha Mwalimu Nyerere mpaka akawatimua? Oktoba 1966 waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Karibu 400 walirudishwa makwao, na Mwalimu akaukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 papo hapo!

Haya, tuje kwako. Kima cha chini cha nchi kuingia digrii ukitokea kidato cha sita ni pointi 4 kwa masomo mawili, yaani hata D mbili zinatosha. Zinatosha kuomba, sikusema kupata! Sheria ya Mlimani ina foleni, na maombi unayatuma chuoni moja kwa moja. Digrii ni miaka minne.

Masomo ni kwa Kiingereza. Sasa cheka kidogo: mwaka 2021 Bunge lilipitisha kwamba lugha ya sheria na mahakama za Tanzania ni Kiswahili. Na mkuu wa kwanza kabisa wa kitivo, A. B. Weston, alishaandika kuhusu sheria kwa Kiswahili tangu 1965!

Ukiona noti ya 500 iliyotoka 2010, ile yenye Karume, igeuze. Jengo lililo nyuma yake ni Ukumbi wa Nkrumah wa hapohapo Mlimani. Maktaba mpya, iliyofunguliwa Novemba 2018, inakalisha watu 2,100 kwa mpigo na ina nafasi ya vitabu 800,000. Hosteli za Magufuli ni majengo 20, vitanda 3,840. Tumbili ni wengi, hawaogopi digrii ya mtu, kwa hiyo mkate wako usiuache dirishani.

Umehitimu? Pole, bado hujawa wakili! Lazima uende mwaka mmoja zaidi Shule ya Sheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya 2007 na inayopokea wahitimu wa vyuo vyote nchini. Mwaka 2022 matokeo yake yaliitikisa nchi: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Ndiyo, 26! Wengine 342 waliambiwa warudie mitihani, na 265 wakadisko, yaani wakaondolewa masomoni.

Zogo lilikuwa kubwa mpaka waziri akaunda kamati ya kuchunguza. Mwenyekiti wake alikuwa Dk. Harrison Mwakyembe, ambaye kabla ya siasa alikuwa mhadhiri wa sheria. Wapi? Usiniulize, unajua.