Maumivu ya Mzee Yasicheleweshwe



Hapa Mtowisa wazee wengi huona haya kulia mbele ya wajukuu. Mzee akianguka akavunjika nyonga, huuma meno akanyamaza, nasi husema, "Ametulia, tungoje kuche." Ndugu, kunyamaza si kupona. Waganga wa hospitali wameona kwamba mzee aliyevunjika nyonga, akiachwa na maumivu makali bila dawa, yumo katika hatari zaidi ya kuchanganyikiwa akili. Tena mwenye maumivu hageuki kitandani wala hakohoi vema. Ndipo humjia vidonda vya mgongo na homa ya mapafu.

Wengine huiogopa mofini, wakidhani ni dawa ya kumaliza mgonjwa. Kweli ina nguvu, na figo za mzee hukawia kuitoa mwilini. Kwa hiyo mganga mwenye ujuzi humtia kidogo mshipani, hungoja dakika chache, huangalia pumzi yake, humwuliza hali, kisha huongeza kidogo tena. Ikizidi hata pumzi ikapungua, iko dawa ya kuipinga, iitwayo naloksoni. Parasetamoli nayo husaidia, na kwa nyonga iko sindano ya ganzi karibu na mshipa wa fahamu. Lakini diklofenaki na ibuprofeni za dukani zaweza kumtia mzee vidonda vya tumbo na kumharibu figo.

Wengine huuliza: je, Mkristu hapaswi kuvumilia msalaba wake? Baba Mtakatifu Pio wa 12 aliulizwa neno hili na waganga, akajibu tarehe 24 Februari 1957 kwamba ni halali kuyapunguza maumivu kwa dawa. Hata Msamaria mwema hakumhubiria majeruhi uvumilivu. Alimtibu vidonda kwanza. Naye Adrian Atiman, aliyefika Karema mwaka 1889, alikuwa katekista na mganga pamoja hata alipofariki mwaka 1956.

Basi mzee akipatwa usiku, msingoje kuche. Msimkande wala kumvuta mguu. Ufungeni kwa ubao usitikisike. Njia ya kupanda Lyamba lya Mfipa kwenda Sumbawanga humtesa aliyevunjika. Mfikisheni kwanza kituo cha afya, mkamwombee dawa ya maumivu kabla ya safari. Chukueni dawa zake zote, hata za miti shamba, mganga azione. Mwulizeni mzee: toka sifuri hata kumi, maumivu yako ni kiasi gani? Asiyeweza kujibu, tazameni uso wake na jinsi anavyojikunja. Baada ya dawa, mwulizeni tena. Yakiwa hayajapungua, mwiteni mganga arudi.

Amri ya Nne yatuagiza kuwaheshimu baba na mama. Siku ya maumivu, mzee aliyenyamaza na apate mwana wa kumsemea.