Mcheza Kwao Hutunzwa, Lakini Kikombe Kilikuja Kwetu

Wapenzi wa ndondi wa rika langu hawalisikii jina la Antonio Roldán wa Mexico wasigune. Katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968, kijana huyo alikuwa kipenzi cha watu. Alizaliwa katika jiji la Mexico, na humo humo akapigana, mbele ya ndugu na majirani zake waliofurika ukumbi wa Arena México.

Nusu-fainali ya uzito wa unyoya ilimkutanisha na Philip Waruinge, bondia wetu wa Nakuru, bingwa wa Jumuiya ya Madola wa mwaka 1966. Waamuzi walikuwa watano. Watatu wakampa Roldán, wawili wakampa Waruinge. Ukumbi ukalipuka kwa vifijo, na Mkenya akaondoka na nishani ya shaba.

Roldán akaingia fainali dhidi ya Mmarekani Albert Robinson. Raundi ya pili alichanika usoni, damu ikamtoka. Mwamuzi akasema Robinson amempiga kwa kichwa, akamtoa mchezoni. Hivyo ndivyo Roldán alivyoitwaa dhahabu. Wahenga walinena: mcheza kwao hutunzwa.

Lakini hapo hadithi haikwisha. Kikombe cha Val Barker, ambacho kilikuwa kikipewa bondia mwenye ufundi kuliko wote katika Olimpiki, hakikwenda kwa Roldán, wala kwa George Foreman aliyeshinda dhahabu ya uzito wa juu. Kilikwenda kwa Waruinge, mtu wa shaba!

Nimeyasikia mabishano haya hata Katito, kule Nyakach, njia panda ambapo barabara ya Kendu Bay huachana na ile ya Sondu. Katika soko lile wazee huhesabu mabondia kama wenzetu wa Mombasa wahesabuvyo manahodha. Nami huwauliza: lipi bora, dhahabu yenye maneno au shaba yenye heshima?

Waruinge hakukata tamaa. Alitwaa tena dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh mwaka 1970, na mjini Munich mwaka 1972 akafika fainali. Huko nako alishindwa na Mrusi Boris Kuznetsov kwa kura tatu kwa mbili, akapata fedha. Baadaye alikwenda Japani kupigana ngumi za kulipwa, akijulikana kama Waruinge Nakayama. Alifariki mwaka 2022.

Dhahabu ya ndondi ilikuja Kenya mwaka 1988, Robert Wangila aliposhinda mjini Seoul.

Simwonei Roldán kijicho. Yeye alipigana, hesabu ilikuwa ya wengine. Ila mizani ikiinama, anayedhulumika ni wote wawili: aliyenyimwa haki yake, na aliyepewa ushindi ambao watu hawataacha kuutilia shaka. Atakayeketi kuamua baina ya wawili, na alikumbuke hilo.